Nilisomea upigaji mbizi kwa posta nikiwa Mkolani, nusura nianze kazi kwa barua

Wakuu, salaam. Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Juzi kijana mmoja wa Kiseke ameuliza humu kama anaweza kupata kadi ya kupiga mbizi kwa kusoma kwenye simu tu, bila kwenda popote. Naona wengi wanamjibu kwa kubahatisha.

Mimi nilisomea hiyo kitu nyumbani kabla hata simu hazijafika mtaani kwetu. Tulieni niwape kilichonitokea. Chumvi siongezi, yenyewe inatosha.

Ni miaka ya tisini. Nilikuwa fundi wa kuchomelea kwenye shirika moja la umma hapa Mwanza. Likauzwa, mwekezaji akaja na watu wake, sisi wengine tukapunguzwa. Nikabaki Mkolani natengeneza madirisha ya majirani.

Kipindi hicho viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota tu ufukweni. Na magugu maji nayo ndiyo yalikuwa yamevamia. (Wageni wa Mwanza hamjui tulichokiona. Unaamka asubuhi ziwa limekuwa shamba.)

Kwenye kiwanda kimoja magugu yalikuwa yanaziba bomba la kuvutia maji, chini huko kama mita nane. Meneja akatangaza anatafuta mpiga mbizi mwenye cheti. Nikamfuata, nikamwambia anipe miezi mitatu.

Nilijiamini sana. Bado najiamini, ila sasa nina sababu.

Nikaandikia shule moja ya kupiga mbizi huko pwani. Wakatuma bahasha nene: kitabu cha Kiingereza, kanda mbili za video, na mitihani ya kujaza na kurudisha kwa posta. Hiyo ndiyo onlaini ya wakati ule, wakuu.

Video nyumbani hatukuwa nayo. Nikaongea na mwenye kibanda cha video Nyegezi, akanipa saa za asubuhi kabla hajaanza picha za karate. Wateja waliowahi wakawa wanatazama na mimi. Mmoja aliuliza stelingi anaanza kupigana saa ngapi. Akaambiwa avumilie, akavumilia mpaka kanda ikaisha.

Kitabu nilisoma na mke wangu, Mama Koku. Huyu ni Mhaya wa Muleba, mwalimu wa shule ya msingi, na wenzetu hao mnawajua kwa Kiingereza. Akitoka kazini ananiuliza maswali kama darasa la saba.

Swali alilolirudia kuliko yote: ukiwa chini na mtungi wa hewa, kosa lipi hutakiwi kulifanya kamwe? Najibu: kubana pumzi. Maana ukipanda juu hewa inatanuka kifuani, mapafu yanapasuka. Nililijibu hilo hata nikiwa naosha miguu.

Mtihani wa mwisho nikafaulu. Ikaja barua nzuri, ina nembo, sahihi na muhuri wa bluu. Nikaipeleka kiwandani. Meneja akautazama muhuri, akasema, "Hii inatosha. Anza Jumatatu."

Nilirudi nyumbani natembea kama mwenye kiwanda.

Mama Koku akaisoma mara mbili. "Baba Koku, hapa wameandika umefaulu nadharia. Wanakuita sasa ukafanye majini."

"Meneja amekubali."

"Meneja hajaisoma. Amekubali muhuri."

Tukagombana siku mbili. Nikamwambia anataka nikose kazi, na kwamba mtu aliyezaliwa Ukerewe hafundishwi maji na mtu wa migombani. Akasema sawa, ila kabla ya kwenda nimwandikie kwa mkono wangu watoto nimemwachia nani.

Hapo nikarudi kiwandani. Nikamwomba meneja wiki mbili, akakasirika, akasema akipata mwingine nisimlaumu. Nikapanda treni kwenda pwani nimenuna.

Siku ya kwanza ilikuwa nyepesi. Kila alichouliza mwalimu, mzee mmoja mpole wa Tanga, nilijibu kabla hajamaliza.

Siku ya pili akanishusha mita tano, akanionyesha kwa mikono: toa mpira wa hewa mdomoni, panda taratibu huku unatoa pumzi.

Nikautoa. Nikafunga mdomo. Nikapanda.

Sikuamua, wakuu. Watoto wa visiwani tunashindana kubana pumzi kabla hatujajua kuandika, na mimi nilikuwa bingwa wa kijiji. Jibu nilikuwa nalo kichwani, mwili ukafanya ulichozoea. Mzee akanidaka mkanda, akanivuta chini, akanipiga ngumi ya tumbo mpaka mapovu yakatoka.

Tulipofika juu hakunifokea. "Mwanangu, kitabu umekisoma vizuri. Kifua bado hakijakisoma."

Akanirudisha kwenye zoezi hilo hilo siku tatu, napanda huku nasema "aaa" mpaka nimezoea, ndipo akanipa kadi. Akanipa na jedwali jingine la muda wa kukaa chini, kwa sababu la kitabuni ni la baharini na ziwa letu liko juu sana kuliko usawa wa bahari. Hilo nalo nisingelijua.

Nilirudi nikakuta nafasi bado ipo, hakuna aliyethubutu. Kazi ile niliifanya miaka sita. Mwezi wa pili tu wa kazi mizizi ya magugu ilinivua mpira mdomoni, maji meusi, sioni hata mkono wangu. Nikapanda nasema "aaa". Jamaa wa kwenye boti walidhani nimekamatwa na mamba.

Kwa hiyo kijana wa Kiseke: nadharia soma nyumbani, simu yako inatosha kabisa, usiogope. Ila uliza kwanza utaingia majini wapi na nani. Anayekupa kadi hujalowa hata unywele, mkimbie.

Mwenye swali aulize, mwenye kubisha abishe, nipo.

Jambo moja bado. Mama Koku nilimwambia nimefaulu, basi. Ya siku ya pili nilimficha miaka yote hii, kiburi tu. Leo nimemsomea uzi huu kabla ya kuutuma.

Akauliza, "Kwa hiyo Jumatatu ile ungeenda?"

Nikamwambia, kama si wewe, ningeenda.

Akasema, "Hilo nalo liandike."