Mkia wa Maneno wa Mwalimu Ludvik

"Wee Neva, huyo mzee wako amegeuka kunguru?" jirani yake Zorka aliuliza juu ya ukuta wa mawe, vibanio vya nguo mdomoni. "Jana kutwa nzima ar, ar, ar! Watu wanasema akili imeshahama. Na binti yake Ksenija anakuja Jumapili, ampeleke nyumba ya wazee."

"Akili ipo, shoga. Ulimi tu ndio umelemaa."

Neva alijibu kwa ukali. Alimhamishia mtoto wake kiuno cha pili, akaingia ndani kwa mzee.

Mzee huyo, Mwalimu Ludvik, alikuwa amefundisha watoto wote wa kijiji kile, ila penzi lake lilikuwa mkia mmoja wa maneno, ule unaobandikwa mwishoni mwa neno kumtaja mtu kwa kazi yake. Tangu Neva alipoanza kumpikia, alimsimulia huku anamenya viazi: Warumi walikuwa nao mrefu, arius, Wajerumani wakauazima, wakaukata ukabaki er, sisi tukasema ar, Waitaliano wa ng'ambo ya kilima wakausugua hadi ukawa aio, Wafaransa ier.

"Ni mpini wa kuazimana, mwanangu," alikuwa akisema. "Kila nyumba inatia jembe lake."

Ndipo kiharusi kikaja, kikafagia maneno yote, kikaacha mpini. Lakini Neva alikuwa ameona jambo: ukimwanzishia neno, analidaka. Wiki nzima alimwanzishia, mtoto akicheka, yeye akihesabu moyoni yaliyodakwa na yaliyoanguka. Jumamosi hayakudakwa hata mawili. Usingizi haukuja.

Ksenija alifika pamoja na bora, ule upepo mkali wa baridi wa huko, mlango ukagonga ukuta. Hakugusa supu ya maharage. Alipiga magoti mbele ya kiti.

"Baba, unataka nini? Niambie mwenyewe."

Jasho lilimtoka mzee. "Ar," alisema. "Ar."

Ksenija akafunika uso. Neva hakuweza kuvumilia. "Mwalimu! Yule mwenye kinu cha unga! Mli…"

"Mlinar," mzee akadaka. Macho yakawaka. "Müller. Mugnaio. Meunier."

"Umesikia, dada? Umesikia!"

"Nimesikia." Ksenija alifuta machozi kwa kiganja. "Hayo ni ya vitabuni, Neva. Akishikwa na kiu usiku, wewe uko kwako na mtoto wako, ataita nini? Mwenye kinu?"

Swali hilo lilikuwa likimtafuna hata Neva mwenyewe. Ksenija akachukua simu, akatoka kwenda garini kuwaambia watu wa nyumba ya wazee watayarishe kitanda.

Mzee alimshika Neva mkono wa sweta. Midomo ilijikunja, ikaachia, ikajikunja tena. Neva aliumwa na hamu ya kumwanzishia, ila hakujua neno analolitafuta linaanzaje. Akangoja tu.

"Ni," akasema mzee. "Nibaki." Akapumua. Akauelekeza mkono wake usiopooza dirishani, kwenye gari la Ksenija. "Neva. Nisemee."