Bastola Isiyojulikana Ukikumbatiwa

Bastola yangu niliichagua kwa wembamba. Watu wakisikia hivyo hucheka, husema mwanamke bwana, hata silaha anaichagua kama sidiria. Wacheke tu. Wao hawana dada kama wangu.

Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka sita. Ni mshonaji, anakaa Kinanira kule kilimani, na katika tumbo la mama yetu tumebaki mimi na yeye. Mume wake alipigwa risasi mlangoni pake, miaka ile mibaya ya vita, funguo ziko mkononi. Tangu siku hiyo dada alijiwekea sharti moja akatutangazia wote bila kupepesa macho: nyumba yenye bunduki haingii, na mtu mwenye bunduki hamsalimu, hata awe mtoto wa mama yake. Na dada yangu akisema neno, limesemwa. Kuna binamu yetu aliyepata kazi ya ulinzi akapewa silaha ya kazi. Mpaka leo wanapishana barabarani kama watu wasiojuana.

Sasa sisi watu wa Bujumbura salamu yetu haiishii mkononi. Mtu unayempenda unamkumbatia, kulia, kushoto, tena kulia, na mikono haikai tuli. Inashuka mabegani, mgongoni, mbavuni, huku unauliza habari za nyumbani, za kazi, za mvua, na humwachii mpaka habari ziishe. Dada ndiye bingwa wa mambo hayo. Akikushika anajua kama umekonda, kama umelala vizuri, kama blauzi yako imeshonwa na fundi mwingine, na hilo la mwisho halisamehi. Kila Jumapili baada ya misa alinishika hivyo. Kwa hiyo nilipoanza kutafuta bastola, sikuuliza inapiga umbali gani.

Kilichonipeleka huko ni njia ya kwenda nyumbani. Nina depo ya bia na soda karibu na Kinama, na nyumba yangu iko Carama, mwisho kabisa, pale nyumba zinapochanganyikana na mashamba. Tangu mafuta yaadimike mjini, teksi tunaziona ndotoni. Nikifunga depo natembea kwa miguu, mauzo ya siku yako kwenye sakoshi, mkoba wangu mdogo, ndani ya kitenge. Jioni moja jua lilikuwa bado halijazama nyuma ya milima ya Kongo, wanaume wawili wakatoka kwenye mahindi. Mmoja alinisalimia, jioni njema mama, kwa adabu kabisa. Mwenzake akaniwekea panga shingoni, upande wa bapa, nikasikia baridi yake. Wakachukua sakoshi, wakanirudishia kitambulisho changu, wakaondoka bila haraka. Nilibaki nimesimama naangalia mahindi yanavyotikisika, na wazo lililonijia, Mungu nisamehe, ni kwamba yule wa kwanza alikuwa na sauti nzuri.

Sikumwambia dada. Angesema nifunge depo nihamie kwake, na mi bila depo ni nani? Miezi iliyofuata naikumbuka kama mtu aliyelala mchana akaamka hajui kama ni asubuhi au jioni. Nilihesabu kreti nikasahau nimefika ngapi. Wateja walinisemesha mara mbili. Nikipita kwenye mahindi miguu ilikuwa inatembea, lakini mimi mwenyewe nilikuwa juu kidogo, pembeni, najiangalia nikipita.

Nikiwa katika hali hiyo niliomba kibali cha silaha. Ilikuwa karatasi, picha, cheti cha mwenendo, muhuri juu ya muhuri. Kilipotoka nilikishika nikajiona mkubwa, halafu nikauliza bei ya bastola mpya nikacheka peke yangu barabarani. Kwa pesa zile ungejenga vyumba viwili na choo.

Mteja mmoja akaniambia habari za mzee wa Kinindo, mfanyabiashara mwenye asili ya Omani, ambaye babu yake alifungua duka hapa mjini kabla baba yangu hajazaliwa. Mzee alikuwa anafunga nyumba, anawafuata watoto wake ng'ambo, na alikuwa na bastola tatu alizozimiliki kwa karatasi halali. Alitaka kuziachia kwa mtu mwenye kibali. Nikaenda alasiri moja.

Ile sebule naiona mpaka leo nikifumba macho. Nusu ya vitu vilikuwa vimefungwa kwenye makatoni, pazia zilipumua taratibu, na ziwa, ambalo huwezi kuliona ukiwa umekaa, lilitupa mwanga wake ukawa unatembea kwenye dari. Mzee alinimiminia kahawa ya tangawizi akaniita binti yangu, na mi nina mvi. Kisha akaleta sinia, akafunua kitambaa cheupe. Bastola tatu zilikuwa zimelala pale, hazina risasi, kama samaki waliokwisha kusafishwa.

Alizieleza kama alivyoeleza misumari na makufuli maisha yake yote, bila kuficha kasoro. Ya kwanza ilikuwa kubwa na nzito, bei yake chini kwa sababu hakuna aliyeitaka, lakini haikwami na risasi zake zinapatikana. Ya pili ilikuwa ndogo, nyeusi, nyepesi, nzuri ya kutamanisha, na bei yake iliniondolea hamu ya kahawa. Ya tatu ilikuwa kongwe na nyembamba, mpini umezungushiwa utepe, bei yake sawa na ile kubwa. Springi yake imechoka, alisema, na risasi zake ni za kutafuta kwa tochi. Akanishauri nichukue kubwa. Cha rahisi ghali, binti yangu, lakini kubwa hii ni rahisi isiyo na ghali ndani yake.

Nilimwambia nataka kwanza kuzijaribu, akadhani nataka kulenga. Aibu iliyonipata sijui niieleze vipi. Nilimwomba aniitie mke wake.

Bibi alikuja, mwanamke mfupi anayenukia udi, na mimi nikamweleza shida yangu palepale kwenye korido. Alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini alikubali. Nikaiweka ile kubwa chini ya kwapa la kushoto, ndani ya nguo, akanikumbatia. Hata mikono haikufunga, alikwisha kuigusa. Ile nzuri hakuisikia kabisa, nikasononeka. Ile kongwe nyembamba alipita juu yake, akarudi, akaniuliza kama ni waya wa sidiria. Nikasema basi, ni hii. Bibi hakucheka tena. Alinirekebishia kitenge begani, akasema kwamba mume wake alipokuwa akibeba ya kwake, yeye alizoea kumkumbatia upande mmoja tu, na mpaka leo ule upande mwingine unamwonea haya.

Nilimsikia, nikalipa. Tukaenda na mzee kubadilisha karatasi, nikarudi Carama na bastola ambayo kila mwenye akili angeiacha kwenye sinia.

Mfuko wake niliushona mwenyewe, kwa kitenge kuukuu na mikanda ya sidiria, kwa sababu mshonaji pekee ninayemwamini ndiye niliyemficha. Ukatoka umepinda kama mdomo wa mtu anayenung'unika. Nikaufunga ubavuni, chini kidogo ya titi, nikaanza kutembea nao.

Na lazima niseme ukweli, ilikuwa raha. Nilipita kwenye mahindi jioni, vyura wanaanza kuimba kwenye mifereji, moshi wa majiko unalala juu ya mashamba, na mimi sisikii miguu yangu. Chuma kilishika joto la mwili mpaka nikakisahau. Mara nyingine nilijikuta nimefika mlangoni na sikumbuki njia. Sijawahi kuifyatua hata mara moja, na ninavyodhani ingekwama. Lakini nililala usingizi.

Kuiacha nyumbani sikuthubutu. Kufuli langu ni la kufunguliwa kwa kijiko, na bastola ikiibiwa, mwenye kibali ndiye anayeulizwa. Kwa hiyo nilikwenda nayo sokoni, nikaenda nayo kwenye maziko, nikaenda nayo kanisani, ayiwe mama yangu, nikapiga magoti nayo. Na Jumapili dada alipofungua mikono nilimpa upande wa kulia, mkono wa kushoto nimeubana ubavuni, salamu nikaikatisha nikisema nina haraka. Alinitazama. Wiki ya pili, hivyo hivyo. Wiki ya tano alinishika kwa nguvu kabla sijageuka, mkono wake ukashuka mbavuni, ukasimama.

Haukusimama muda mrefu. Akauondoa, akaniuliza kama ninakula vizuri. Nikasema ninakula. Nikaenda zangu nikimshukuru mzee wa Kinindo na wembamba wa chuma chake.

Baada ya hapo alianza kunipigia simu kila asubuhi. Nimelalaje, nasikia maumivu, mkono unanyanyuka vizuri? Siku moja akaniambia tu, bila habari ya mbele wala ya nyuma, kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Nikadhani anamsema jirani yake. Mimi ninayejidai kumjua mteja atakayelipa na asiyelipa kwa kumwangalia viatu, nilidhani anamsema jirani!

Alhamisi moja asubuhi nakunywa chai uani, nikaona dada anaingia. Alikuwa ametoka Kinanira kwa miguu, mji mzima, viatu vyake vyekundu kwa vumbi. Hakunisalimia. Alikaa, akatoa bahasha nene kwenye mkoba, akaiweka mezani mbele yangu, akaifunika kwa kiganja.

"Mi nilikugusa," alisema. "Hapa. Ni gumu, kama la mama."

Mama yetu alikufa kwa uvimbe wa titi. Aliuficha chini ya kitenge mwaka mzima, na dada ndiye aliyeugundua, kwa kumkumbatia, wakati hakuna tena kilichobaki cha kufanya.

Nilifungua mdomo, akaninyamazisha. Alikuwa amekwisha kwenda kwa daktari, Jumatatu tunangojwa. Pesa ziko hapa, na zikipungua atauza na kitanda. Niliuliza amezitoa wapi, na nilijua kabla hajajibu. Cherehani yake, ile nyeusi ya kukanyaga, aliyoinunua mwaka aliofiwa na mume na iliyomlisha tangu hapo, ilikuwa imechukuliwa jana yake kwa toroli.

Sitajisafisha hapa. Uongo ulikuwa tayari, umeiva, unanisubiri niuchume. Ningekwenda naye kwa daktari, bastola naificha kwenye pipa la mchele, daktari anapapasa hakuti kitu, tunamshukuru Mungu, tunalia, tunakula brosheti za mbuzi. Dada asingejua mpaka anazikwa. Shetani hana uvivu, alinipangia yote hayo kabla chai haijapoa. Lakini kiganja chake kilikuwa juu ya ile bahasha, na kidole chake cha shahada kilikuwa na alama za sindano, na nikashindwa.

Niliingiza mkono ndani ya blauzi, nikafungua mikanda, nikauweka ule mfuko mezani kando ya kikombe.

Kwanza aliutazama mshono. Fundi ni fundi. Akapitisha kidole kwenye pindo lililopinda, halafu akafungua kitambaa, akaona. Hakuruka. Hakupiga kelele. Jogoo wa jirani aliwika, akawika tena, na dada alikuwa bado anatazama. Nikaanza kumweleza habari za mahindi, na panga, na yule wa sauti nzuri, maneno yakatoka yamechanganyikana na machozi, na yeye alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kitu kimoja tu, kwa nini panga sikumwambia yeye. Nikafuta machozi kwa upindo wa kitenge.

"Wiki zote hizi," alisema, "mi nilimwomba Mungu kiwe kitu cha kukatwa kitupwe." Akanitazama usoni. "Na ni cha kukatwa. Basi we kikate."

Akasimama. Bahasha aliiacha, kwa sababu alichokitoa hakirudishi. Alinipita bila kunigusa, akafungua geti, akashika njia ndefu ya Kinanira.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimkimbilia. Jua lilipopinda nilikuwa nimekwisha kuufunga tena ule mfuko ubavuni, kwa sababu jioni ilikuwa inakuja na njia ni ile ile. Ijumaa nilitembea nao. Jumamosi pia. Jumapili nilikwenda misa nao, na dada alikaa benchi la mbele, hakugeuka. Jumatatu, siku aliyonipangia daktari, nilishinda depo nao nikihesabu kreti na kusahau hesabu. Jumanne ndiyo nikaupeleka kwenye ofisi iliyonipa kibali, nikasalimisha bastola na karatasi yake, nikasaini, nikatoka nje mbavu zangu zinaniwasha kwa wepesi.

Dada alipapasa mbavu akazikuta tupu, na sasa tunasalimiana kama zamani. Kwa pesa za bahasha tulinunua cherehani nyingine, ya umeme, ambayo umeme ukikatika inakuwa pambo, na dada anaitukana kila siku. Kwenye mahindi bado naogopa, sana. Dada hajawahi kuniuliza zile siku zilizopita katikati nilikuwa nangoja nini. Yeye cherehani yake aliiuza kwa siku moja. Mimi kuachia kile chuma kulinichukua siku tano.