Pahali pa Samaki, Pahali pa Unga

Félicité, ambaye Bwana alimpumzisha mwaka huu mahindi yalipoanza kukauka, hakuwa mtu wa kutajwa redioni. Alikuwa mama wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, kama bamama wengine: alilima, alikaanga samaki, alizaa, alikimbia vita akavuka ziwa, akarudi. Lakini waliokula mkono wake wanajua kwamba Mungu alimpa kitu. Sombe yake, majani ya muhogo ya kutwanga, iliwanyamazisha watu wenye maneno mengi. Na miaka yake ya mwisho aliipika bila kuuona hata moto.

Macho yalimwacha polepole. Kwanza alipoteza tundu la sindano, kisha nyuso za watu, mwisho mchana wenyewe. Nadège, binti yake aliyebaki naye nyumbani baada ya kumzika baba, ndiye aliyemshika mkono kwenda misa. Jikoni Félicité hakukubali kushikwa na mtu. Alipika chini kama alivyozoea, mbabula, lile jiko la makaa, sakafuni, visu na vyungu vimemzunguka, akivitafuta kwa vidole. Hata siku sufuria ya mawese ya moto ilipomwagikia mkono wake wa kushoto, alimaliza kusonga bugali kwanza, ndipo akaita.

Roger, mtoto wake wa kwanza, alishuka kutoka Fizi-Centre, anakofanya kazi kwenye bureau ya serikali. Aliutazama mkono uliofungwa kitambaa.

"Mama, basi," akasema. "Utapanda na mi Fizi. Bibi yangu wa ndoa atakupikia. Utaikala kwenyi kiti, utakula, utapumzika."

"Nitapumzika nini? Nani alikuambia nimechoka?"

"Mukono yako iliungua, Mama!"

"Iliungua sababu moto iko chini na mi niko juu. Umupandishe huo moto, tutakutana vizuri."

Nadège alicheka, lakini Roger hakucheka, na Nadège akajua kaka yake amekwisha kuamua. Tena alijua kwa nini mama yake anaogopa. Dada mkubwa wa Félicité alichukuliwa hivyo hivyo, kwa upendo mtupu, akawekwa kwenye kiti kizuri barazani kwa mwanawe. Alilishwa, alioshwa, alifunikwa. Misimu miwili ya mvua haikupita, akaacha kusema. "Mutu wa kulishwa tu," Félicité alizoea kusema, "ni mugeni. Na mugeni anangojea tu siku ya kwenda."

Mwishowe Roger akalegea kidogo. Watamjengea meza ya jiko, ndefu, ya kufika kiunoni, mbabula ikae juu yake upande mmoja. "Lakini ukiungua tena, ninakuja na gari. Hakutakuwa maneno."

Basi ikabaki kuchagua meza itatandikwa nini juu yake. Roger alitaka karo, yaani vigae, zile nyeupe zinazong'aa, akaagiza moja ya kujaribu kutoka Uvira. Félicité aliipapasa, akaigonga kwa ukucha, akaweka pua. "Ni nzuri ya kutazama," akasema, "nampa mwenye macho. Kati ya karo na karo kuko mufereji, na maji ya samaki italala mule. Na nikiangusha muchi, itapasuka." Ubao wa mninga aliupenda, akauegemeza shavu kwa sababu una joto la kitu kilichoishi, lakini alijua ubao hunywa, na wiki ya tatu utanuka mikeke, samaki wa ziwani, hata siku ya kula maharagwe. Kwa jirani walikuwa na meza ya sima, saruji tupu. Félicité alipitisha kiganja, akasugua vidoleni chembe za mchanga zilizobaki kiganjani. "Hii inalisha watu muchanga. Na mawese imeshaingia mpaka ndani, ninaisikia harufu."

Ndipo akaja Lukmani, fundi wa sima, Mwislamu wa nyumba ya tatu, aliyekua akila kwenye sahani za Félicité. Alikuwa na neno moja tu: granito. Unachanganya sima na mawe madogo, unamwaga, unaacha ikauke, kisha unasugua kwa jiwe gumu na maji mpaka mawe yenyewe yafungue uso.

"Mawe gani?" Félicité akauliza.

"Mawe ni mawe, Mama Roger."

"Kumbe na samaki ni samaki? Tuende mutoni, mutoto wangu."

Walikwenda mto Mutambala, Félicité, Lukmani na Nadège, maji yakiwa yamepungua. Félicité alikaa kwenye kokoto, miguu mtoni, akaanza kuchagua. Kila jiwe alilipangusa kwa kitenge mpaka likauka, akaligusisha ulimi. Lukmani alisahau ndoo mkononi.

"Mama Roger, unakula mawe sasa?"

"Ninayauliza."

"Na yanajibu?"

"Hili limenishika ulimi. Liko na kiu. Tukiliweka kwenyi meza litakunywa kila kitu, mafuta, damu ya samaki, kila kitu." Akalitupa majini. "Hili halishiki. Limeshiba tangu Mungu aliliumba. Tia kwenyi ndoo."

Lukmani naye akajaribu ulimi, na kweli, jiwe moja likamng'ang'ania, jingine likateleza. Akalitia lile la kuteleza kwenye ndoo. Bibi zake Félicité walichagua hivyo mawe ya kusagia, lakini Nadège hakuwahi kuliona jambo hilo likifanyika, akasikia kama mto umetulia kusikiliza.

Meza ikamwagwa, ikakauka, ikasuguliwa. Lukmani alisugua siku nyingi, maji meupe yakitiririka mpaka uani. Siku aliyoisafisha mara ya mwisho, Nadège aliingia jikoni akasimama mlangoni. Kokoto zile zilizokuwa na sura ya vumbi zilikuwa zimefunguka. Nyingine zilikuwa nyeupe kama ute wa yai, nyingine na mishipa myekundu myembamba, nyingine nyeusi zenye chembe ndogo zilizowaka kila alipogeuza kichwa. Alifikiri: rangi hizi zilikuwa ndani muda wote huu. Kabla ya babu, kabla ya Wabembe kushuka ziwani, Mungu alikwisha kupaka ndani ya jiwe, gizani, mahali ambapo jicho lisingefika. Akafanya ishara ya msalaba bila kujua.

"Ikoje?" mama yake akauliza kutoka nyuma.

Nadège aligeuka. "Mama, siwezi kusema."

"Basi ni nzuri," Félicité akasema.

Ilikuwa nzuri, na uzuri huo ndio ulioleta shida. Lukmani alikuwa ameilainisha yote kama kioo, kutoka ukutani mpaka ukingoni, kwa kujivuna kwa fundi. Mkono wa Félicité uliteleza juu yake bila kukuta pa kusimama. Sakafuni alijua kila kitu kwa mashimo na nyufa. Hapa hapakuwa na ufa. Unga aliutandaza mahali pa magamba. Kisu alikiweka, akakitafuta, kikamkuta yeye kwanza. "Ni kama kuwa kati ya ziwa usiku bila ngambo ya kufikia," alimwambia Nadège, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mzee. Kisha sufuria ya maji ya moto, aliyoisukuma kidogo tu apate nafasi, ikateleza mpaka ukingoni ikaanguka. Ilimuunguza mguu. Si sana, lakini jirani mwenye simu hakujua kuficha.

Roger hakupiga kelele. "Siku ya Mungu, kisha kutoka misa, ninakuja," alisema simuni. "Nadège, umufungie vitu."

Bamama wa shirika, ile jumuiya ndogo ya kanisa ya mtaa wao, walisikia, wakaja kumuaga na vikapu vya samaki. Mama Immaculée, mkubwa wao, alimkalisha Félicité uani kwa nguvu. "Leo weye ni bibi harusi. Ukae, tukupikie." Akasafisha mikeke juu ya granito, akiimba. Na alipomaliza alifanya kama anavyofanya kila mama wa Baraka anayejiheshimu, kwa maana harufu ya samaki jikoni ni aibu: alikata ndimu, akasugua pale penye magamba kwa ndimu na chumvi, akamimina maji ya nyingine, akaacha maganda yalale hapo hapo mpaka asubuhi yaule uvundo.

Yalikula zaidi ya uvundo. Asubuhi Nadège alipoondoa maganda, kioo kilikuwa kimekufa. Palibaki doa la kijivu, pana kama sinia, lisilomulika kitu. Alilisugua kwa kitambaa, akalipulizia, akalia. Alimkimbilia Lukmani, naye akaja na mswaki bado mdomoni.

"Nani alifanya hii? Ndimu na sima ni maadui! Ndimu inakula sima, inaacha mawe peke yake yasimame!" Aliinama, akalitazama doa kama mtu anayetazama mgonjwa. "Mama Roger, unisamehe. Nitalisugua upya. Mpaka Siku ya Mungu litakuwa limeisha."

Félicité alikuwa amefika mezani. Mkono wake ulikuwa unasafiri juu ya ulaini, taratibu, ukafika pale, ukasimama.

"Apa ni wapi?"

"Ni pahali Mama Immaculée alikuwa anatoa magamba," Nadège akasema, akipangusa pua.

Félicité aliuondoa mkono, akauzungusha hewani, akaushusha tena. Ukaanguka pale pale. Akauondoa, akageuka kabisa kuelekea mlango, akarudi, akaushusha. Pale pale. Vidole vyake vilizunguka ukingo wa doa, mahali ulaini unapoisha na mawe yanapoanza kuinua vichwa, na uso wake ukafunguka mpaka Nadège akaogopa.

"Lukmani, usiguse. Nadège, mandimu imebakia?"

"Mama, unataka ndimu ya nini?"

"Ya kutia njia."

"Mama Roger!" Lukmani alishika kichwa. "Mi nilisugua mpaka mabega ikalia, na we unataka kuharibu tena?"

"Ulinipa ziwa, mutoto wangu. Ni nzuri sana. Sasa unisaidie kutia ngambo."

Siku zilizobaki walifanya kazi hiyo. Félicité alisimama mbele ya meza akapika hewani, bila chungu wala moto, na mikono yake ikaonyesha inapotaka kwenda. Nadège alifuata kwa kitambaa kilicholowa ndimu. Doa la samaki liliachwa kama lilivyo. Kando ya mbabula wakachora ukanda wa kukwaruza, upana wa kiganja: hapo vidole vitajua moto uko karibu. Ukingo wote wa mbele wakaupa ukanda mwingine, sufuria isiteleze tena. Katikati wakazungushia duara la kuwekea chungu cha moto. Na upande wa ukuta wakauacha laini, kioo kitupu, pahali pa unga.

Kwa kuwa sehemu zilizoliwa sasa zingekunywa mawese, Lukmani alileta nta ya nyuki, akaiyeyusha, wakaipaka ikiwa vuguvugu kwa kitambaa, nyembamba, isizibe njia. Akaweka sheria, naye Félicité akazishika mpaka mwisho: pahali pa unga ni maji ya vuguvugu na sabuni tu, mchanga hapana, waya hapana. Njia zote zipakwe nta tena zinapoanza kushika rangi. Na ndimu isilale tena mezani, hata Mama Immaculée akija na Askofu.

Siku ya Mungu Roger alifika na gari la rafiki yake. Dereva, kijana mnene anayeitwa Willy, akaanza kupakia: godoro, sanduku, kiti. Nadège alitaka kusema, mama yake akamzuia kwa mkono.

"Roger, mutakula kwanza," Félicité akasema. "Watu hawapandi Fizi na njaa."

"Mama, usiingie kule. Nadège apike."

Lakini alikuwa amekwisha kuingia. Roger alimfuata mbio, akasimama mlangoni, mikono mbele, tayari kumdaka. Hapo alibaki.

Félicité aliweka kiganja mezani, kikapita kwenye ukingo, kikasimama kwenye doa. Samaki akaja, kisu kikaja. Magamba yakaruka, kisu kikarudi mahali pake bila kutafutwa. Alimimina mawese akisikiliza sauti yake inavyojaza sufuria. Vidole vikatembea kuelekea moto, vikakuta ukanda, vikasimama kama vimeambiwa. Hakuharakisha. Akainua sufuria inayochemka, akaishusha katikati ya duara, na haikutikisika. Nadège alimtazama kaka yake na kuona midomo yake inacheza. Alikuwa anasali au anahesabu, hakujua.

Roger akasogea. Alinyosha mkono akagusa doa, akagusa ukanda, akarudia kugusa, kama mtoto anayejifunza kusoma. Akaegemea meza, akaweka funguo zake juu yake bila kufikiri.

Mkono wa Félicité ulikuwa unakwenda kuchukua unga. Ulisimama.

"Nani ameacha chuma apa?"

"Ni... ni mi, Mama. Ni funguo."

"Toa. Apa ni pa unga."

Roger alizitoa haraka. Akatoka uani, Nadège nyuma yake. Willy alikuwa anafunga kamba.

"Willy, shusha godoro."

"Patron, nimemaliza kufunga sasa hivi! Tunashusha tena?"

"Shusha," Roger akasema, akifungua fundo la kamba. "Shusha yote. Unawe mikono, ukule."

Nadège alishika upande mmoja wa godoro, Roger upande wa pili. Jikoni mwiko uligonga sufuria, bugali ikaanza kusongwa, na Félicité akaita kwa sauti kubwa kwamba asiyefika mezani sasa atakula mifupa.