Chemutai Hang'oi Jino Haraka

Saa mbili asubuhi. Chemutai anavuta dawa ya kuua vijidudu kwenye bomba la sindano, kisha anamwonyesha mgonjwa ncha yake butu. "Haichomi, mama. Inaingia tu hapa kati ya jino na ufizi."

Wangu, mkulima wa mahindi mwenye miaka 41, anafumba macho na kufungua kinywa. Ni mara yake ya nne katika zahanati hii ndogo ya Rongai. Leo ataambiwa kama meno yake manne ya mbele yatabaki.

Alipokuja mwanzo alitaka yang'olewe yote. Ni ya kahawia tangu utotoni, kama ya wengi waliokua wakinywa maji ya visima vya Bonde la Ufa, yenye floridi nyingi, madini yanayotia meno rangi. Wangu alidhani ni uchafu. Kila Jumamosi, kabla ya kwaya ya kesho yake, aliyasugua kwa majivu na waya wa kuoshea sufuria. Rangi haikubanduka. Fizi ndizo zilizoumia, zikaachana na meno na kutunga usaha.

"Damu ikianza kutoka, nikafikiria ni ile uchafu inatoka," anasema. "Nikakaza kusugua."

Wapo ambao wangemng'olea siku hiyohiyo, na kwa kweli ni rahisi zaidi. Chemutai, afisa wa afya ya kinywa kwa miaka tisa, alikataa. Alikwangua ukoga mgumu uliojificha chini ya ufizi, kisha kila wiki akaosha kwa dawa pale usaha ulipokuwa umejaa. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na kwa siku huona wagonjwa hadi kumi na wanane.

Uvumilivu huo una sababu yake. Akicheka, meno yake ni ya kahawia vilevile, na la chini moja halipo. "Mimi nilitumia msasa," anasema. "Nilikuwa form two, na hakuna mtu aliniambia haitoki."

Sasa anachukua kipimo chembamba. Mwezi uliopita kilizama milimita saba chini ya ufizi. Leo ni nne; fizi zinashika meno tena. Jino moja bado linatikisika, na hamfichi Wangu kwamba huenda likatoka. Matatu yatabaki.

Wangu anapangusa machozi. "Na hii rangi, daktari?"

"Rangi itakaa, mama. Wacha kuisugua."

Muhula ujao Chemutai anataka kuzunguka shule za msingi za Rongai. Hana mabango wala hotuba.

"Nitasimama mbele yao nicheke," anasema. "Waone meno kama yao kwa mdomo wa mtu wanamwita daktari."