Mbuzi ya Kasenga na Chui ya Biro ya Kodi

Mimi sipendake kungoja. Ku kanisa padri akirefusha mahubiri, ninaanza kukohoa. Njo maana sikuelewa hata kidogo namna gani Mama Germaine Kapya, jirani yangu wa masoko, aliweza kupanda ngazi za biro ya kodi mwezi kisha mwezi na kushuka anacheka. Anacheka! Muntu balikula makuta yake, feza ya jasho yake!

Mambo yenyewe ni hii. Mama Germaine anauzaka samaki ya Kasenga, mu chumba kidogo cha baridi kule Kamalondo. Mwaka jana alilipa kodi yake ku banki, bakamupa risiti. Kisha bantu ba biro ya kodi bakafika na gundi na karatasi ya kufungia mulango. "Mama, mu mashini hatuone kitu. Haukulipa." Akaonyesha risiti. Bakasema mashini njo inaaminiwaka. Samaki ilikuwa ndani, jua inje, mulango karibu inafungwa. Ungefanya nini? Alilipa tena. Na ile malipo ya kwanza, loo, ikaonekana nyuma! Ilikuwa imelala tu fasi fulani. Basi bakamuambia: "Mama, uko na haki. Leta, ni kusema serikali, itakurudishia. Ungoje."

Ungoje! Ile neno inanipandishaka presha.

Pale pa kungoja, moteri ya chumba cha baridi ikakufa. Fundi akasema haitengenezeke, inunuliwe ingine. Kununua na nini? Makuta iko kwa Leta. Germaine akabakia na samaki ya kukauka tu, pa meza, pembeni yangu, mu vumbi. Bila ile makuta, chumba yake ilikuwa imekwisha kabisa, na alijua.

Sasa jaribu kufikia bale bantu. Simu yao inalia mpaka inachoka yenyewe. Mulinzi anasema mukubwa iko mu mukutano: "Chef iko mu réunion." Urudie, mutandao umekatika: "Connexion haiko." Urudie tena: "Chef alienda Kasumbalesa, ku mupaka." Siku moja bwana moja wa mule ndani akamunongoneza: "Mama, toa ya kahawa kidogo, dossier, karatasi zako, itatembea." Germaine akamuangalia toka juu mpaka chini. "Kodi nililipa mara mbili. Unataka nilipe ya tatu, ili niombe ya pili?"

Siku nilimusindikiza, nilienda na hasira yangu mwenyewe, maana ya kwake haikutosha. Tukiwa pa mulango, chef akapita mbio na cravate pa shingo na mukoba mu mukono. Mulinzi akamupigia saluti: "Chef Katongo!"

Germaine akashtuka. "Katongo wa wapi? Wa Kasenga?"

"Wa Kasenga, Mama."

"Bena Ngo?"

Mulinzi akacheka. "Njo bo. Bena Chui."

Ee Mungu wangu! Nikaona uso yake inafunguka. Maana yeye ni wa bena Mbushi, ukoo ya Mbuzi. Na kwetu, Mbuzi na Chui ni banungwe, batani: kila moja iko na ruhusa ya kutukana mwenzake mbele ya bantu, na mwenye kutukanwa hakasirikake. Akikasirika, haya ni yake. Hata siku ya kifo, munungwe njo anachekeshaka kilio, na anazibia sanduku ya maiti njia mpaka bamupe kitu.

"Weye Chui ya meno ya kuoza!" Germaine akapiga kelele, salle yote ya kungojea ikasikia. "Ulikula bambuzi bote ba Kasenga, haukushiba, sasa unakula na samaki yangu? Toka mu pango!"

Mi nikaanza kutafuta mulango na macho. Leta tunaitukanaka mu roho, si kwa sauti! Chef akageuka, uso imekazwa. "Nani ule?"

"Mbuzi!"

Kicheko ikamutoka Chef mpaka mukoba ikaanguka. "Kumbe! Tangu asubui kunanuka hapa, nilizani ni choo. Ingia, Mbuzi, kabla sijakukula na pembe."

Mu biro yake hakumudanganya. Alimuambia makuta ya kurudisha inapita mu mikono mingi, na saini yake yeye inakuyaka ya mwisho. "Nitaisukuma. Lakini kahawa usitoe kwa muntu."

Tokea pale, kila lundi, kila jumatatu, Germaine alipanda kumutukana, na kila lundi mulango ilifunguka. Christiane, sekretere wake, alimuwekea kiti. Akichelewa, chef anauliza: "Mbuzi yangu iko wapi leo?" Na dossier ikatembea kweli, saini kisha saini. Ikabakia tu ya Chui mwenyewe. "Kuya lundi," akasema, "tutamaliza."

Siku ya yenga, jumapili, presha ikamukamata Chef Katongo kwake ku nyumba. Hakufika ku hospitali muzima.

Mi nilimuambia wazi: "Germaine, makuta yako imekufa naye. Chef mupya ataanza toka mwanzo, ku a."

"Chui yangu amekufa, na weye unanisemea makuta?" Akapangusa macho na kikwembe ya kiunoni. "Lakini ni kweli," akasema. "Ni kweli, Marie-Thérèse."

Ku kilio akafika amevaa koti kubwa ya mwanaume, cravate, na mukoba mu mukono. Akakamata kiti, akakaa mbele ya sanduku. "Connexion haiko! Mulie kesho! Chef iko mu réunion na Mungu!" Bantu ba biro ya kodi, bote balikuwa pale, bakaangalia chini kwa haya, kisha bakapasuka na kicheko. Hata Mama Abigaïl, mujane wa Chef, alicheka na machozi inashuka.

Wakati ya kutoa sanduku, Germaine akalala pa mulango ya lupango, uwanja ya nyumba. "Haitoke! Huyu Chui anakimbia na kodi yangu! Anirudishie kwanza!" Banaume ba jamaa bakatoa noti, sawa desturi, ili asogee. Akazisukuma. "Hii ni kahawa. Mi nataka saini." Bantu bakacheka tena, lakini mi ninajua sauti yake. Pale haikukuwa tena muchezo.

Christiane akatoka kati ya bantu, akapiga magoti karibu naye.

"Mama Germaine, amuka. Chef alisha kusaini. Vendredi, ile ijumaa jioni. Nilikamata simu nikuite, akanikataza. Alisema: 'Usimuite. Akijua imekwisha, hatakuya tena kunitukana. Acha akuye lundi, anitukane mara moja tena, njo nimupe.'"

Mama Germaine aliamuka polepole. Akatoa ile cravate pa shingo, akaiweka juu ya sanduku, akainyoosha na mukono.

"Mwizi weye," akamuambia. "Unanishinda."

Kisha akasogea pembeni, bakamupitisha Chui.