Marahaba Niliyoitoa Barabarani

Jina langu ni Hamisi, lakini ukifika Tabora, pale Kanyenye, ukaulizia nyumba ya Hamisi, watu watakutazama tu. Sema unamtafuta Bwana Marahaba, hapo hata mtoto atakushika mkono akufikishe mlangoni. Jina hilo sikupewa na baba yangu. Nilijipa mwenyewe, mchana kweupe, siku ya Ijumaa, mbele ya watu waliotoka kuswali, na mpaka leo nikilikumbuka tukio lenyewe masikio yananiwaka moto, hasa hili la kulia, maana ndilo lililokuwa limevaa kile kidude.

Nianze na kidude basi. Rafiki yangu Nassoro, niliyesoma naye mpaka kidato cha nne, alikuwa fundi cherehani, na miaka ile vitambaa vilikuwa vya kutafuta kwa tochi, kwa hiyo kazi kubwa ya duka lake ilikuwa kugeuza kola za mashati, upande uliochakaa anauficha ndani, upande mzima anautoa nje, unavaa tena kama jipya (shati langu moja liligeuzwa kola mpaka halikuwa na upande wa kugeuzia tena). Sasa kaka yake aliyekuwa akiishi Maskati alikuja kusalimia ndugu, akamwachia simu. Lakini si simu kama tulizozizoea, nyeusi, nzito, na mkono wake. Hii ilikuwa na kisanduku kinachobaki mezani kwenye waya wa simu, na kingine kidogo cha kutia mfukoni chenye antena fupi, na kutoka humo kinapanda kiwaya mpaka kwenye kitu cha kuvaa kichwani, sikio moja limefunikwa na kijiti kidogo kimekuja mbele ya mdomo. Unaweza kuondoka mezani ukazunguka nayo duka zima huku mtu wa Dar es Salaam anakuongelesha.

Na hayo yote si kitu. Nassoro alinikalisha kwenye kigoda, akaniambia kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa siri ya nyumba, "Hii ina kumbukumbu."

Nikamuuliza kumbukumbu ya nini.

"Ya namba. Umeshaipa mara moja, basi. Ukibonyeza hapa, halafu moja, inakumbuka yenyewe na kupiga. Wewe huna haja ya kujua chochote."

Mimi ni mtu niliyetoka shule nikapanda treni, nikashuka Usinge nikakaa na warina asali, nikaenda Mpanda, nikaenda Kigoma, nikaenda Mwanza, nikarudi, nikaondoka tena, na nyumba nilizolala ni nyingi kiasi kwamba nyingine nimesahau hata rangi ya milango yake. Sasa nimekaa mbele ya kitu kisichosahau, kidogo kuliko kipande cha sabuni. Nilikishika kwa mikono miwili.

Kwenye moja, Nassoro alikuwa ameweka namba ya kazini kwa mdogo wangu Saidi, karani wa ghala moja Dar (nilikuwa namsumbua sana Nassoro kwa kumpigia Saidi). Kwenye mbili, aliweka ya nyumbani kwa Mzee Mrisho.

Huyu Mzee Mrisho ndiye baba yake Tabu, na Tabu ndiye niliyetaka kumuoa, na Nassoro ndiye mshenga wangu. Nilikuwa nimeshafika miaka thelathini. Posa ilikuwa imepelekwa, na mzee hakukataa wala hakukubali. Alimwambia Nassoro kwamba kijana hana neno, anaswali, ana adabu, ila miguu yake haiamini. Akasema atakuja kunitazama kwa macho yake, Ijumaa baada ya sala, halafu atatoa jibu. Kwa hiyo mtu wa kutazamwa nilikuwa mimi, na kitu cha kutazamwa kilikuwa adabu na utulivu. Hayo mawili tu.

Ijumaa ikafika. Tulipomaliza kuswali Nassoro alibaki kumsubiri mzee ili waje pamoja, akanitanguliza nikafungue duka na kuweka kahawa jikoni. Nikafungua, kahawa nikaiweka, na ile simu ikawa inanitazama. Nikajiambia nimpigie Saidi nimwombe dua, dakika moja tu. Nikaivaa. Ilikuwa inapwaya, kila nikiinama kumimina maji inateleza, basi nikachukua kofia yangu nikaivaa juu yake ili kuibana, na kile cha mfukoni nikakitumbukiza kwenye mfuko wa kanzu. Ndugu zangu, kosa langu lote lilikuwa kofia. Kwa kofia ile, mtu akinitazama kutoka mbali kidogo alimwona kijana aliyetoka msikitini, basi. Kijiti cha mdomoni kilikuwa chembamba kama njiti ya ufagio.

Nikabonyeza, nikabonyeza moja, nikasikia kitu kinatikatika humo ndani, tik tik tik, kinahesabu namba ambayo mimi mwenyewe siijui, halafu kikanyamaza, halafu ikaita. Siku zile kuipata Dar bila kupitia kwa opereta ilikuwa bahati, nami bahati ikaniangukia. Saidi akasema "Hallo," na sauti yake haikuwa sikioni. Ilikuwa katikati ya kichwa changu. Nilimsikia akimeza mate.

Mnisamehe hapa nisimame kidogo. Babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe begani kutoka hapa hapa Tabora mpaka pwani, na baba alikuwa akitusimulia kwamba habari ya kutoka pwani ilifika na watu wanaorudi, miezi imepita, na aliyekutumia salamu pengine ameshazikwa. Barabara iliyopita mbele ya duka la Nassoro ndiyo waliyoipita wao. Basi nilitoka nje. Nilitaka tu kusimama juu ya vumbi lile lile nisikie Dar inaongea, nikatoka hatua kidogo, sauti bado ipo, nikaendelea, bado ipo, nikajikuta natembea katikati ya barabara macho nimeyafumba nusu, machozi yananilengalenga, sijui hata kwa nini.

Saidi naye alifurahi, akawaita vijana wa Tabora aliokuwa akifanya nao kazi waje wanisalimie mmoja mmoja.

Na wakati huo huo, kutoka upande wa msikitini, akaja Nassoro, na Mzee Mrisho katika kanzu iliyopigwa pasi ikasimama, na balozi wetu wa nyumba kumi aliyeletwa awe shahidi. Wakasimama mbele yangu. Mzee akatulia na fimbo yake, anangoja shikamoo yake, ambayo ni haki yake hata kwa mtu asiyetaka kumuoa binti yake.

Kichwani mwangu kijana mmoja akasema, "Shikamoo, kaka Hamisi."

"Marahaba!" nikajibu, kwa sauti kubwa (mtu akizibwa sikio hupiga kelele bila kujua). "Hujambo?"

Nassoro aliniambia baadaye kwamba mzee aligeuka nyuma kutazama ni nani aliyesalimu.

Akaja wa pili kwenye simu. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Siku hizi umekuwa mtu mzima eti?"

Hiyo ilimpata balozi, ambaye alikuwa na wajukuu. Wa tatu naye nikampokea, tena nikamuuliza kama anamheshimu mama yake. Nilikuwa nawaona wale watu watatu mbele yangu kama unavyoona miti ukiwa ndani ya treni, ipo, inapita, haikuhusu. Kisha Saidi akarudi, akaniuliza mzee mwenyewe amekubali au bado.

"Huyo mzee," nikasema, na watu wawili waliokuwa wakipita na baiskeli wakasimama kunisikiliza, "bado ananipima miguu kama anayenunua punda."

Hapo ndipo macho yangu yalipofumbuka vizuri, yakakutana na ya Mzee Mrisho.

Saidi alikuwa akiita kaka, kaka, humo kichwani, nami nimeganda. Balozi akamuuliza Nassoro huyu anaongea na nani. Nassoro akafungua mdomo, ukabaki wazi. Mzee Mrisho ndiye aliyejibu, polepole, wala hakuonyesha hasira, na upole ule ulinichoma zaidi.

"Anaongea na njia. Imeshamwita tena."

Akageuka aondoke. Nikaona Tabu anaondoka, nikaona harusi inaondoka, nikavua kofia kwa mikono miwili, ile simu ikatokea kichwani na waya wake, balozi akaruka nyuma, nikasema maneno mengi ambayo siyakumbuki ila yalianza na wallahi. Kwamba ni simu, kwamba ni mdogo wangu, kwamba mzee asikilize mwenyewe amsikie. Nassoro naye kinywa kikamrudia, akaapa kuwa ni kweli. Mzee akasimama. Hakuwa mtu wa kukataa kujua jambo. Akavua kofia yake, akainamisha kichwa, nikamvisha, nikakata ile ya kwanza ili nimpigie Saidi upya, na kwa haraka nikabonyeza, kisha nikabonyeza moja.

Nilidhani nimebonyeza moja.

Tik tik tik. Mzee alisikiliza uso umekunjamana. Halafu nikaona uso ule unafunguka, mikunjo yote ikaondoka, akawa kama mtoto anayeonyeshwa bahari.

"Mama Tabu?" akasema.

Kumbe nilibonyeza mbili.

"Uko wapi wewe?" Akasikiliza. "Nyumbani? Mimi niko barabarani. Barabarani kwa Nassoro. Hapana, sina waya. Nimesimama tu, nimesimama kwenye jua na wewe uko humu ndani!" Akagusa kichwa chake kwa ncha za vidole. Watu walikuwa wameshajaa, akina mama waliokuwa kwenye bomba wameacha ndoo zinafurika. Mzee hakuwaona. Alikuwa amefika pale pale nilipokuwa mimi, na kama mimi, sauti ilikuwa imempanda bila yeye kujua.

"Nani? Ndiyo, yupo hapa mbele yangu... Nimwambie nini?" Akaziba sikio la pili kwa kiganja. "Rudia! Nimwambie ndiyo kabla hajapanda treni tena?"

Pale bombani vigelegele vikalipuka.

Mzee Mrisho alishtuka. Akatazama watu, akatazama Nassoro ambaye ndiye aliyepaswa kulipokea jibu faraghani na kunifikishia kwa utaratibu, akaelewa alichofanya. Akaivua ile simu taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili kama unavyompa mtu yai. Akavaa kofia yake akaiweka sawa. Kisha akanitazama usoni.

"Shikamoo," akaniambia.

Nikaitazama ile simu mkononi.

"Itikia, bwana. Si ndio utaratibu wako?"

Tulioana, mimi na Tabu. Lakini tangu siku ile, miaka yote, baba mkwe wangu hakuwahi kuipokea shikamoo yangu. Nikiingia tu, kabla sijafungua mdomo, ananiwahi yeye, "Shikamoo, Bwana Marahaba," mbele ya wageni, mbele ya wanangu, hata siku ya Idi, nami nabaki nimeinama kama aliyedondosha sindano.

Mwaka juzi nilikuwa Usinge kwa habari ya asali (miguu haikupona kabisa, Tabu anajua) nikaletewa habari kwamba mzee anaumwa sana. Nikapanda treni. Nikamkuta amelala ubavu, amekuwa mdogo kitandani. Nikainama, nikangoja anitanie. Hakunitania. Basi nikasema mimi, "Shikamoo, baba."

Akageuza kichwa akanitazama.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Umerudi?"

Mkono wangu ulikwenda wenyewe sikioni kuhakikisha kwamba sijavaa kitu. Alikuwa ni yeye kabisa, sauti yake, imetoka kinywani mwake ikavuka chumba ikanifikia.

Simu napokea mpaka leo, lakini nikiwa nimekaa, kofia iko mkononi, na macho yako mlangoni. Na marahaba siitoi kwa mtu yeyote mpaka nimuone uso.