Jicho la Fundi Timazi

Mafundi ujenzi wote walimwita Timazi, na jina likamkaa sawasawa. Ukuta alioujenga yeye ulinyooka mpaka mlango ukaona haya. Na mwenyewe alikuwa mnyoofu vilevile: pombe hakuigusa, hata ile ya kuonja harusini. Wenzake wakimchokoza, "Fundi, koo halikauki?" alijibu, "Baba aliniwahi. Alikunywa fungu lake na langu."

Maana baba yake, Mungu amrehemu, alijulikana mtaa mzima kwa kuyumba. Anatoka kazini mchana kweupe anapepesuka, mara kakumbatia ukuta wa watu, mara yumo mtaroni. Watoto wanamfuata wakimwimbia. Mkewe alimngoja mlangoni, akamnusa mdomo, asisikie kitu, akasema walevi wa siku hizi wajanja, wanatafuna limau. Timazi, wakati huo kijana mwenye ndevu tatu na kiburi gunia zima, alisusa kula meza moja na mlevi. Akala peke yake jikoni, mpaka siku baba alipoanguka asiinuke tena. Mazishini hakulia. Alisema kimoyomoyo: mimi sitakuwa kama wewe.

Sasa, uashi una mazoea yake. Ukitaka kujua ukuta umesimama wima, unaning'iniza timazi, kile kichuma kizito kwenye uzi, unafumba jicho moja, unalenga kwa jingine. Kila fundi ana jicho lake la kazi, na habadilishi, kama usivyobadilisha mkono wa kulia chakula. La Timazi lilikuwa la kulia. La kushoto, maskini, alilifumba miaka nenda miaka rudi, wala hakuwahi kulijulia hali.

Siku moja saruji ikamrukia jicho la kulia. Akalifunika kwa kitambaa, akasema haidhuru, leo tutumie spea. Akafungua la kushoto. Loo! Ukuta haupo. Kuna ukungu mzito, na katikati ya ukungu giza tupu.

"Nani kazima taa?" aliuliza.

Saiti nzima ikaangua kicheko, maana jua lilikuwa la utosi. Naye akacheka nao, huku akilifumba na kulifumbua lile jicho.

Wala halikuwa jicho peke yake. Kila asubuhi kichwa kilimgonga, na akiwa juu ya jukwaa la kujengea miguu ilianza kumkana. Mtaani wambeya walishaanza: mtoto wa nyoka ni nyoka, kumbe huyu naye anajifungia ndani na chupa! Alikuwa akiyasikia yote na kuyameza. Mkewe ndiye aliyechoka. "Mficha maradhi, kilio humuumbua," alimwambia, akamkokota hospitali kama mtoto aliyegoma kwenda shule.

Wakampiga picha za jicho, za kichwa, za tumbo. Daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani, akamkalisha.

"Baba, una vivimbe ndani ya jicho la kushoto, na sehemu ya nyuma ya ubongo, pale panapotushika tusianguke. Figo zote mbili pia zinavyo. Ni ugonjwa wa kurithi, tena wa nadra. Wengi wetu hapa tumeusoma vitabuni tu."

"Dawa yake?"

"Ya kuumaliza kabisa, hatuna. Panapopasulika tutapasua. Kwingine tutauchunga."

"Mtauchunga kama mbuzi?"

"Kama mbuzi," alisema daktari, wala hakucheka. "Baba yako alikufa kwa nini?"

"Pombe."

"Alikuwa akinywea wapi?"

Timazi akaanza kutafuta kichwani. Wapi? Na nani? Chupa hakuwahi kuiona. Harufu hakuwahi kuisikia. Alichokiona ni mtu anayeyumba, basi.

"Alilalamikia kichwa?"

"Kila asubuhi," alisema Timazi. Mzee wa watu alikuwa mgonjwa, jamani! Mgonjwa, mkavu koo, akafa kasusiwa na mwanawe mwenyewe. Kilio alichoyanyima mazishi kilimtoka siku ile mbele ya mgeni, kwa kwikwi, kamasi na yote.

Daktari alimwacha amalize, kisha akauliza, "Una watoto?"

"Binti mmoja. Msusi."

"Ni nusu kwa nusu. Ama kaupata, ama kaukosa. Mlete, wala usichelewe. Kivimbe cha jicho kikiwa kichanga tunakichoma kwa mwanga, jicho linapona. Kikishakua, hatuna la kufanya."

Hapo ndipo mwili wake mwenyewe ulipoacha kumshughulisha. Alikwenda moja kwa moja saluni. Binti alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, vidole vinakimbia, kitana kimechomekwa nyweleni. Timazi akamweleza yote.

"Nikishajua nitafanya nini, baba?" alisema bila kugeuka. "Nikae nangoja kufa? Mimi mzima wa afya. Nitakwenda mwezi ujao."

Mwezi ujao ukaja ukapita, ukafuatwa na mwenzake. Timazi alibembeleza, alifoka, alimtuma mama mtu. Mtoto mdogo unambeba mgongoni mpaka kliniki, hata akupige mateke. Binti mwenye kazi yake na chumba chake, utambeba vipi? Wakati huo Timazi alikuwa ameshapasuliwa figo moja na anatembea kwa fimbo. Ili asikae bure alijaribu kujenga ukuta mfupi uani kwake, ukawa ukuta wake wa kwanza kupinda.

Jumapili moja binti alikuja kuwasalimia. Akamimina chai, chai ikapita pembeni ya kikombe, chururu, mezani.

"Vikombe vyenu vinatembea siku hizi!" alisema, akacheka. Mama'ke akacheka naye, akifuta meza.

Timazi hakucheka. "Njoo uani, mwanangu. Nikupime mimi. Mimi si daktari, sina sindano."

"Haya, daktari wa matofali," alisema binti, akamfuata ili kumridhisha tu.

Akaegemeza fimbo, akamsimamisha hatua moja tu kutoka mwisho wa ukuta. Akamziba jicho la kushoto kwa kiganja chake kikavu, mkono mwingine akaning'iniza timazi juu ya ukuta. "Unaonaje?"

"Uzi umeachana na ukuta kule chini. Umepinda, fundi. Tena paka wa jirani anakucheka pale juu ya bati."

Moyo wa Timazi ukapata pumzi. Akahamisha kiganja, akaziba la kulia. Kisha, kimya kimya, akaitia timazi mfukoni na kuinua tena mkono mtupu.

"Na sasa?"

Binti alikawia kidogo tu.

"Vilevile, baba. Uzi upo mbali kule chini. Umezeeka, kubali yaishe!" Akacheka kile kicheko chake cha saluni.

Mkono mtupu wa Timazi ulibaki hewani.

"Baba, tumemaliza? Toa mkono basi, nione."

"Ngoja kidogo, mwanangu," alisema, na kiganja hakukitoa.